Chumba cha Upande wa Magharibi

Jumamosi, 7 Machi

Leo nimevamiwa. Nyumbani kwangu mwenyewe!

Nieleze vizuri, maana huenda siku moja binti yangu akaisoma shajara hii akajua nani alikuwa mkweli. Tangu mama yake aolewe na daktari wa meno na kuhamia mji ulio mwendo wa saa nane kwa basi kutoka hapa, mimi na binti tunaonana ndani ya gemu ya kompyuta. Jumamosi na Jumapili, saa tisa alasiri mpaka saa kumi na mbili. Ni gemu ya Maviking, wale mabaharia wa kale wa kaskazini: nchi ya baridi, misitu, mazimwi. Unaanza na kitambaa kiunoni na rungu mkononi, unakata miti, unajenga, unajitahidi usife. Miezi mitano tumejenga nyumba kando ya ziwa. Ukumbi wa magogo, paa refu, mnara, uzio, lango. Yeye ana miaka kumi na miwili na ndiye mkuu wa ramani. Mimi nimekata miti elfu mbili na ushei.

Leo naingia, nakuta mtu wa tatu. Kipara, ndevu nyekundu hadi kitovuni, kakalia kiti changu mbele ya moto wangu, anakula asali yangu. Binti kasema kwa furaha kwamba huyo ni Baba Mdogo, amemkaribisha. Mng'oa Meno! Tena eti Baba Mdogo! Baba mdogo ni ndugu yangu mimi, na mimi sina ndugu wa kiume. Mwaka jana alikuwa Anko. Mwaka huu Baba Mdogo. Mwakani hilo "Mdogo" litadondoka njiani, na Anko nitakuwa mimi.

Kanisalimia kwa adabu zote, kaniita kaka. Kaomba shoka ajaribu. Mti wa kwanza ukamwangukia, akafa papo hapo. Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Binti hakucheka. Alikwenda kumsaidia kuokota vitu vyake.

Kumfukuza siwezi. Dunia yote ile inakaa kwenye kompyuta ya binti, na kompyuta hiyo kainunua nani? Mng'oa Meno. Yangu mimi ni mtumba, ubavu mmoja uko wazi na feni ya mezani inaupulizia isiungue.

Jumapili, 8 Machi

Mpango wa kwanza. Nimemwelekeza Mng'oa Meno, kwa sauti ya upole kabisa, kwamba kwenye kibanda chake awashe moto ndani na azibe kila tundu, joto lisipotee. Katika gemu hii moshi unaua. Nilijua hajui.

Kaziba. Kawasha. Kaanza kukohoa. Mimi niko nje nahesabu. Binti kapita, kapiga yowe, kavunja kipande cha paa kwa nyundo, kamtoa. Halafu kamwonea huruma, kaamua kumfundisha kujenga bomba la moshi. Saa mbili nzima wako juu ya paa wanacheka. Na mimi? Binti kaniomba nilete mawe, eti mimi ndiye mwenye nguvu. Nimeleta mawe. Safari kumi na moja!

Jumanne, 10 Machi

Kazini. Stoo ya idara ya maji, mimi na mabomba na panya. Bosi kanikuta nachora paa nyuma ya fomu za kutolea koki. Kauliza ni mradi gani. Nikamjibu ni wa kaskazini. Katikisa kichwa kwa heshima, kaondoka.

Dada yangu mkubwa kapiga simu wakati wa chakula cha mchana. Ni mwalimu mstaafu, kusahihisha watu hakujamtoka. Nikamsimulia uvamizi. Badala ya kunipa pole, kaniuliza binti yuko darasa la ngapi. Nikasema la sita. La saba, kasema. Kauliza mtoto anapenda nini nje ya gemu hiyo. Nikafikiri kweli kweli. Nikasema: mbao za mwaloni. Dada kaniomba nirudie. Nikarudia. Kisha kasema mtoto anaogelea, timu ya shule, tangu mwaka jana.

Uongo! Ziwa letu liko hatua kumi kutoka mlangoni na sijamwona akiogelea hata siku moja. Huwa anapanda mtumbwi.

Tarehe 21 nafikisha miaka arobaini na minne. Itakuwa Jumamosi. Naandika hapa kwa sababu hakuna mwingine atakayekumbuka.

Jumamosi, 14 Machi

Siri imefichuka. Wamejenga bila mimi! Katikati ya wiki!

Nimeingia saa tisa kamili, nikaona nyumba imeota ubavu. Chumba kipya, upande wa magharibi, unaotazama ziwa. Mlango umefungwa. Nikamuuliza binti chumba cha nani. Kaguna. Kasema nisiingie, bado hakijaisha, nitaona Jumamosi ijayo. Mng'oa Meno kajitia hamnazo, kaanza kuhesabu mishale yake.

Nikachungulia kwenye ufa wa magogo. Lo! Kitanda kikubwa chenye ngozi ya dubu. Pembe za swala ukutani. Rafu ya asali, mitungi sita. Kiti kama changu lakini kizuri zaidi. Kitanda cha bwana mwenye nyumba! Mtu kaja juzi na kuangukiwa na mti, leo anajengewa chumba cha kifalme upande wenye mandhari, na mimi nalala ukumbini karibu na nyundo.

Roho imeniuma. Naiandika kama ilivyo. Imeniuma mpaka nimeshindwa kula.

Ila jicho langu la stoo halilali. Boriti za chumba kile zimekuwa nyekundu, maana yake zimebeba kupita kiasi. Kishindo kimoja tu na paa lote liko chini. Na mimi najua nani ana kishindo.

Jumapili, 15 Machi

Zimwi.

Linaishi msitu wa mashariki. La bluu, refu kushinda paa, rungu lake ni mti mzima. Nilimwambia binti naenda kutafuta uyoga. Yeye alikuwa juu ya mnara anachora ramani ya ziwa. Mng'oa Meno alikuwa bustanini. Nikalifikia zimwi, nikalipiga mshale wa makalio, nikatimua mbio. Likanifuata, nchi inatetemeka. Nikavuka mto. Nikafungua lango. Nikasimama kwenye ukuta wa magharibi na kuliita kama mtu anayeita teksi.

Pigo la kwanza, ukuta. La pili, boriti. Paa likashuka lote kwa mpigo. Sikuwahi kuona mpango wangu ukienda sawasawa hivi! Furaha ilidumu sekunde tatu hivi. Pigo la tatu likawa langu.

Nilipofufuka na kurudi mbio, zimwi lilikuwa limeshaua mbwa mwitu mweupe ambaye binti alimfuga kwa wiki nne. Mng'oa Meno alikuwa amekufa mara mbili akilizuia kwa nyundo ya seremala. Binti ndiye aliyelimaliza, kwa mishale, kutoka mnarani. Kisha nikamsikia kwenye hedifoni. Alikuwa analia. Si kilio cha gemu.

Wakaenda kumzika mbwa. Mimi nikabaki kwenye kifusi kutafuta vitu vyangu. Chini ya ngozi ya dubu nikaona ubao. Maandishi ya binti: "Chumba cha Baba yangu wa mbali. Heri ya miaka 44. Vua viatu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kitanda changu. Mitungi sita ya asali yangu. Nikakaa pale kwenye kifusi nikitazama ule ubao, feni inapuliza, macho yananiwasha. Halafu nikasikia wanarudi. Nikauvunjavunja ule ubao na kutupa vipande ziwani. Nilisema nini? Nilisema zimwi lilinifuata lenyewe, na lango nililikuta wazi.

Mng'oa Meno kasema taratibu kwamba si kosa langu. Nani kamuuliza?

Jumatatu, 16 Machi

Ujumbe wa simu kutoka kwa Mng'oa Meno. Nanakili neno kwa neno: "Kaka, nilikuona ukifungua lango. Sijamwambia mtoto na sitamwambia. Tukijenge tena chumba kabla ya Jumamosi, nitakusaidia."

Ananitishia! Mtu akikwambia hatasema, ndiyo anakupa hesabu ya siku. Lazima niwahi mimi kabla hajafungua domo.

Jumanne, 17 Machi

Nimewahi.

Nimempigia binti alipotoka shule. Sikuzunguka. Nikamwambia kwa masikitiko makubwa kwamba nimechunguza, na nina hakika Baba Mdogo wake ndiye aliyeacha lango wazi. Binti kasema hata Baba Mdogo mwenyewe amesema hivyohivyo. Jana mezani, mbele ya mama, ameomba radhi, eti lango alilisahau yeye, asilaumiwe mtu mwingine.

Sikuamini bahati yangu! Kakiri mwenyewe! Nikamwambia binti: umeona? Si nilikwambia? Mtu huyo hajui hata kufunga mlango.

Binti kasema, polepole sana, kwamba mnara ule unaona ziwa, lakini unaona na lango. Kasema alikuwa anasubiri aone mimi nitasema nini.

Kisha kasema sawa Baba, ana mazoezi, kakata simu.

Nimekaa kwenye kreti ya koki mpaka bosi kaja kufunga stoo.

Jumamosi, 21 Machi

Miaka arobaini na minne. Nimenyoa. Nimewasha feni. Saa tisa kamili nikabonyeza kuingia.

Nywila si sahihi.

Imebadilishwa. Nikajaribu jina la ziwa. Ng'o. Nikajaribu siku yangu ya kuzaliwa, maana leo ni leo. Ng'o. Nikajaribu siku yake ya kuzaliwa, kwa miezi miwili tofauti, kwa sababu huwa nachanganya. Mpaka saa kumi na mbili nilikuwa nimejaribu nywila mia moja na nne. Jirani kagonga ukuta bila mimi kucheka.

Simu ikalia. Si yeye. Ujumbe wa Mng'oa Meno: "Heri ya kuzaliwa, kaka. Mpe muda, bado anaumia, lakini anakuulizia. Jumatano saa nne asubuhi ana mashindano ya kuogelea. Hatasema mwenyewe, ila ukija atafurahi sana. Tumekuwekea kiti. Utalala kwetu."

Nimeusoma mara tisa. Njoo. Kiti. Utalala kwetu. Nikalia kidogo, nakiri. Jumatatu naomba ruhusa.

Jumatano, 25 Machi

Ruhusa nilipewa! Siku mbili, za kwanza tangu niajiriwe. Bosi hata kanipa mkono, kasema nimpelekee mtoto salamu. Jana mchana begi lilikuwa tayari mlangoni. Basi la saa tisa.

Hapo ndipo akili ikanijia. Kwa nini Mng'oa Meno anataka nikae saa nane kwenye basi? Ili nisikae kwenye kompyuta! Anataka niende nikakae kwenye kiti alichoniwekea yeye, nile mezani kwake, nilale chini ya paa lake, niseme asante. Thubutu!

Nikafungua begi, nikatoa chaja ya simu.

Nimeanzisha dunia mpya, yangu, kwenye kompyuta yangu. Ziwa nimelipata, linafanana kabisa. Tangu jana nakata miti. Ukumbi umesimama, na chumba upande wa magharibi, cha binti, kikubwa kushinda kile. Mitungi kumi na miwili ya asali. Akikiona atasahau kila kitu.

Saa nne na nusu nikiwa juu ya paa simu ikalia. Picha. Binti kando ya bwawa, kofia ya mpira kichwani, medali shingoni. Wa tatu. Hatazami kamera. Anatazama kule kwenye viti, shingo kaivuta, kama anayetafuta mtu. Sijui alikuwa anamtafuta nani. Mng'oa Meno hata kupiga picha hawezi.

Nikarudi kwenye ujenzi wangu. Boriti ya mwisho imekaa, ya kijani, imara, hata zimwi halitaiangusha. Uzio wa mawe. Lango la chuma. Na nywila nimeweka ngumu, herufi ishirini, haijui mtu. Sijamtumia hata binti. Aje aombe mwenyewe.