Cherehani Nayo Ni Baiskeli

Kwa Mheshimiwa Daktari,
Zahanati ya Mtaani Kwetu.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA NENO "CHAGUA"

Natumaini barua hii itakukuta mzima na mwenye nafasi ya kukaa chini, kwani mimi naiandika nimesimama. Sababu utaiona.

Bila shaka utanikumbuka. Mimi ndiye yule fundi wa nguo niliyekuja kwako na mke wangu, ukanifunga mpira wa presha mkononi, ukaitazama mashine, ukanitazama mimi, kisha ukaitazama tena mashine kana kwamba mmoja wetu anadanganya. Ukasema moyo wangu unafanya kazi ya watu wawili, na nisipoutikisa mwili huu, moyo utagoma. Mpaka hapo sina ugomvi. Ugomvi unaanzia pale uliposema, mke wangu akisikia, kwamba nichague moja: kuendesha baiskeli au kukimbia. Halafu ukamwita mgonjwa mwingine.

Tulipotoka kwako, mke wangu alikwenda moja kwa moja dukani kwangu, akauvua mkanda wa cherehani, ule wa ngozi unaounganisha gurudumu la chini na la juu, akauficha. Amesema haurudishi mpaka nichague. Kiti nacho amekiondoa. Cherehani bila mkanda ni meza tu, Daktari, na fundi bila cherehani ni mtu wa kuulizwa maswali na kila anayepita. Naomba basi uyapokee malalamiko yangu kama ifuatavyo:

1. Vidonge ulivyonipa hukuniambia nichague. Ulisema hiki asubuhi, hiki jioni, nami nikatii. Mteja akija kupimwa suruali, mimi simwambii achague mguu upi uwe mrefu. Kazi ya fundi ni kuamua. Wewe, pale penye uzito, ukategea.

2. Hata hivyo, kwa kuwa mimi ni mtu wa amani, nilijaribu kukimbia. Pengine hujui, maana wewe unanunua nguo zilizoshonwa tayari, lakini hapa mtaani mimi naitwa Fundi Kesho. Jina hili nilipewa bila ridhaa yangu na wateja ambao, kila wakija, nawaambia waje kesho, tena kwa nia njema kabisa. Sasa mtu wa namna hiyo akionekana anatimua mbio, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni, ni nani atakayefikiri ni mazoezi? Mwenye bucha, ambaye suruali yake iko kwangu tangu mvua zilizopita, ndiye aliyeniona kwanza. Akapiga kelele kwamba fundi anatoroka. Akatoka mama wa gauni la harusi, harusi ambayo nasikia ilishafanyika. Wakatoka wazazi wa sare za shule. Walio nyuma yangu walikimbia ili wanikamate, na walio mbele yangu walikimbia kwa kudhani kuna balaa linakuja. Mtaa mzima ulitoka jasho siku ile isipokuwa mimi, kwa kuwa nilikamatwa kabla sijapata joto.

3. Basi nikaigeukia baiskeli. Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, husambaza mikate kwa baiskeli, akaniazima ikiwa na shehena yake ili nimfikishie njiani. Yaliyotokea si kosa lake wala langu, ni kosa la mazoea. Tangu ujana wangu miguu hii inakanyaga cherehani, na ninapotaka kusimama, naacha kukanyaga na kuweka kiganja cha kulia juu ya gurudumu. Mkono wangu haujui njia nyingine. Kwenye mteremko wa kinyozi nikataka kusimama. Mkono ukashuka wenyewe kulitafuta gurudumu, mwili ukaufuata mkono, baiskeli ikaufuata mwili, na sote tukaingia kwa kinyozi bila kupiga hodi. Kitini alikuwapo mwalimu mkuu, amenyolewa upande mmoja. Mashine ikapita mahali ambapo haikukusudiwa. Ikabidi anyolewe zote, pamoja na nyusi ili zilingane, na sasa asubuhi wanafunzi humsimamisha getini na kumuuliza kwa heshima anamtafuta nani.

4. Mikate pia iliharibika, ila hilo ni la kifamilia.

5. Lakini hata familia yenyewe umeivuruga. Kwetu hakuna jambo linaloamuliwa bila kikao, na kikao kiliitishwa. Mke wangu na dada zake wanataka mbio. Shemeji na wenzake wanataka baiskeli, japo tangu siku ya mikate shemeji anasisitiza iwe baiskeli ya mtu mwingine. Mama mkwe anataka niogelee. Alipoelezwa kwamba mtaani kwetu hakuna maji ya kuogelea, alisema ndiyo maana hakuna mwenye afya. Sasa kambi ya mbio haili meza moja na kambi ya baiskeli, na mjomba, ambaye mpaka leo hajui ninaumwa nini, amechaguliwa kuwa mwenyekiti. Wewe uliyeyazua yote haya ulikuwa wapi? Ulikuwa na mgonjwa mwingine.

6. Hapa ndipo kwenye kiini cha barua. Nimetafakari kwa kina, nikiwa wima. Baiskeli ni nini? Ni chombo unachokikanyaga, gurudumu likazunguka. Na cherehani je? Vivyo hivyo. Tofauti yake ni kwamba cherehani ina adabu ya kubaki mahali pake. Kwa hiyo mimi nimeendesha baiskeli maisha yangu yote, tena kivulini, na mke wangu kwa kuuficha ule mkanda anamzuia mgonjwa asipate tiba.

7. Mbio nazo nimezisimamia, ingawa si kwa miguu yangu. Watazame wateja wangu. Wanakuja, wanarudi, wanakuja tena. Hakuna hata mmoja mwenye kitambi. Mwenye bucha alikuwa nacho siku aliyoleta kitambaa. Leo nikiimaliza ile suruali itamvuka. Sasa niimalize ili iweje, anenepe? Mtaa huu nimeutibu miaka yote bila koti jeupe, na sijawahi kumwambia mtu achague.

Kwa hoja hizo, naomba uniandikie cheti chenye muhuri kinachosema kwamba cherehani ni baiskeli. Kisomwe kikaoni kwa sauti, mke wangu akiwapo, kisha mkanda urudishwe. Naomba pia jina langu liandikwe kwenye mlango wa zahanati chini ya lako, kwa herufi ndogo kidogo, maana mimi sina makuu. Koti jeupe nitajishonea. Lako nimeona limefumuka kwapani; lilete, utalichukua kesho.

Nisalimie muuguzi wako, mlinzi wa getini, na wagonjwa wote niliowaacha kwenye benchi, hasa yule mzee aliyeninong'oneza kwamba yeye aliambiwa achague akachagua kuhama. Huku kwetu kambi zote zinakusalimu, kila moja kivyake.

Ni mimi mgonjwa wako mtiifu, ninayesubiri cheti kwa miguu yote miwili,
Fundi wa Nguo, mkabala na bucha.

Tanbihi: Kabla ya kuifunga barua hii nilimsomea mke wangu, nikitumaini atalainika. Kwenye habari ya mwalimu mkuu alicheka mpaka akaegemea ukuta. Tulipofika kwenye cherehani akaacha kucheka. Akaniambia kwamba marehemu baba yake naye aliambiwa na daktari hivihivi, naye akajitetea vizuri, vizuri hata kunishinda mimi. Daktari alimshindwa, watoto walimshindwa, mama mkwe alimshindwa. Wakamzika na hoja zake zote, hakuna hata moja iliyopanguliwa. Kisha akaenda chumbani, akarudi na mkanda, akauweka mbele yangu, akasema nichukue tu, kwa kuwa yeye hana tena nguvu za kubishana na mwanamume wa pili. Daktari, nimeshinda, na nimeogopa sana. Nimemwambia akavae viatu. Ukipata barua hii usihangaike kumtuma mtu na jibu asubuhi, maana hatutakuwapo nyumbani.