Waziri Ndani ya Sanduku la Sukari

Jumatatu, 8 Septemba 1975

Siku ya ushindi! Bwana Okot, mkuu wa idara yetu, anakwenda semina Mbale hadi Jumamosi. Mkewe yuko Gulu kuandaa harusi ya binti yao. Bwana Okot aliuliza ofisini nani angeweza kumtunza mbwa wake. Otim wa meza ya pili alifungua kinywa. Nilisimama kabla hajatoa neno. Ikumbukwe kwamba nafasi ya Katibu Msaidizi iko wazi, na wenye shahada katika idara ni Otim na mimi tu.

Shajara hii naiandika kwa Kiswahili sanifu, lugha ya taifa. Otim hukisema kama mtu anayekohoa.

Mbwa ameletwa jioni. Mbwa mzima, mgongo mweusi, mkia unaoangusha vikombe. Jina lake Waziri. Bwana Okot ameniambia kwamba kwa wiki hii mwenye mbwa ni mimi. Heshima iliyoje! Waziri amekula tai yangu ya mahafali. Nimelichukulia jambo hilo kama mwanzo wa uhusiano mwema.

Jumanne, 9 Septemba

Nilimfungia chumbani, nikaenda kazini. Nimerudi: godoro halipo. Yaani lipo, lakini limeenea.

Mwenye nyumba, Sajini Odoch wa polisi, alikuwa akinisubiri mlangoni. Mkewe, Mama Ayot, analalamika kwamba mbwa alibweka tangu nilipofunga geti, na bata wake wamekataa kutaga. Sajini alitoa hukumu kwa Kiswahili chake cha kambini: "Wewe mutu ya Makerere, kesho hii mbwa iko piga kelele tena, wewe na yeye yote nje!" Sarufi mbovu. Maana safi kabisa.

Nikifukuzwa, mbwa wa mkuu wa idara atalala wapi? Na cheo changu je?

Jirani yangu Phelister, Mkenya anayefua nguo katika hoteli mjini, alicheka akiwa upande wa pili wa ukuta. "Bwana Digrii, huyo ana nguvu nyingi tu. Kimbia naye asubuhi, atalala mchana kutwa." Nilimfahamisha kwamba msomi hakimbii. Isitoshe, siku hizi Kampala anayekimbia huulizwa anamkimbia nani.

Nimebuni njia ya kisayansi. Sanduku!

Jumatano, 10 Septemba

Niliomba ruhusa kwa kisingizio cha jino. Kisenyi, nyuma ya gereji moja, nimepata sanduku la mbao: imara, kubwa kama kabati, lenye mianya ya hewa. Ubavuni limeandikwa SUKARI kwa herufi nyekundu. Muuzaji alitaka kuzikwangua. Nikamwambia asijisumbue, mbwa hasomi.

Omolo, mfanyabiashara wa Namuwongo mwenye pikapu, alinibebea hadi hapa Ntinda. Ajabu! Watu walinipungia mikono njia nzima. Sanduku halikupita mlangoni, likabaki barazani. Mama Ayot, ambaye jana hakuitikia salamu yangu, alipiga magoti kunisalimu. Akasema daima ameniona kama mwanawe. Phelister naye alileta chai, isiyo tamu bila shaka, maana sukari tumeisahau hata ladha yake. Alikaa muda mrefu akilitazama sanduku.

Hatimaye mtaa umeanza kuheshimu shahada.

Nimelifunika kwa blanketi ili Waziri apate giza na utulivu. Nimenunua na kufuli.

Alhamisi, 11 Septemba

Asubuhi Waziri alikataa kuingia. Niliingia mimi kwanza, kwa mfano. Aliketi nje akanitazama kwa huruma. Mfupa ulimshawishi. Kufuli. Kazini.

Nimerudi jioni. Mstari! Kutoka barazani kwangu, kupita geti, hadi kona ya barabara! Wanawake na vikapu, wazee na makopo, na kijana mmoja na kofia ya pikipiki kama chombo. Wengine wametembea kutoka Namuwongo. Mbele kabisa Mama Ayot, akipanga watu na kukaripia wanaosukumana.

Niliuliza wanangoja nini. Kicheko. Wakaniuliza nitaanza kupima saa ngapi. Nikasema ndani kuna mbwa. Kicheko kikubwa zaidi. Mama mmoja akasema, "Eh, mwanangu, yule wa juzi alisema ni vitabu vya kanisa. Tukafungua, chumvi!" Nikamwomba Waziri abweke. Msaliti yule alikuwa amelala fofofo na mfupa wake.

Ndipo Sajini Odoch akafika, amevaa sare. Alitangaza kwamba kuficha bidhaa ni kosa la uchumi, na kwamba watu wamefungwa kwa kilo chache tu. Sikuwaza tena cheo. Niliwaza gereza. "Fungua hii kitu mara moja!"

Nikafungua.

Waziri alitoka kama risasi. Alipita juu ya Sajini, kati ya vikapu, katikati ya bata, akatoka getini. Nilimfuata nikiwa na suti na viatu vya ofisi, nikipaza sauti: "Waziri ametoroka! Mkamateni Waziri!" Magari yalisimama. Maduka yalifunga milango. Hakuna raia hata mmoja aliyenisaidia! Tulikimbia hadi Bukoto, tukapanda Naguru, tukateremka. Mwishowe ni yeye aliyenirudisha nyumbani.

Ijumaa, 12 Septemba

Miguu haikunjiki. Lakini matokeo! Asubuhi Waziri aliingia sandukuni mwenyewe, akalala mchana kutwa. Sajini amekiri hakusikia hata chafya. Sanduku limefanya kazi! Nimemtangazia Phelister ushindi wa sayansi. Aliitazama miguu yangu, akaenda zake.

Mstari leo ni mrefu zaidi. Mama Ayot amewaeleza kwamba hakuna mtu anayeweka mbwa mkali namna ile kulinda kitu kisicho sukari. Sajini naye yuko mstarini. Hana sare. Ana ndoo.

Jumamosi, 13 Septemba

Bwana Okot amekuja kumchukua Waziri. Akamkuta mtulivu, mwenye adabu. Akaukuta mstari. Akasoma herufi. Akanivuta pembeni, akanong'ona kwamba Katibu Msaidizi wa siku hizi lazima awe mtu anayejua kupata vitu visivyopatikana. Harusi inakaribia. Gunia moja lingetosha.

Hapo ndipo mtu mwaminifu angesema ukweli wote.

Nilisema, "Litakuwa mezani kwako Jumatatu, mheshimiwa."

Omolo aliomba sanduku. Nimempa bure, alipakie aende nalo. Kazi ya sanduku kwangu imekwisha.

Jumapili, 14 Septemba

Sukari hakuna. Kisenyi hakuna. Otim, nasikia, amepata chupa mbili za asali za kumpelekea Bwana Okot. Fitina!

Baada ya ibada, habari njema kutoka kwa Mama Ayot: Namuwongo, karibu na reli, kuna sanduku limefunikwa turubai nje ya nyumba ya mtu. Nilikimbia njia nzima. Mstari ulikuwa umeshaanza, lakini nimepata nafasi nzuri mbele. Naandika haya nimesimama.

Upepo umelifunua kidogo. Herufi nyekundu: SUKARI! Zinafanana kabisa na za sanduku langu. Hata kufuli inafanana. Bila shaka kiwanda ni kimoja.

Nyumba kumbe ni ya Omolo. Anaapa mbele ya watu wote kwamba ndani kuna beberu wake. Tumecheka sana. Mimi nimecheka kuliko wote.

Ndani kitu kimepiga mbao kwa kishindo. Kwa uzito wake, ni gunia kamili.

Sasa kimelia "mee". Hodari sana, watu hawa wa magendo! Kesho mimi ni Katibu Msaidizi.