Bata Wangu Haombi Nywila

Jumatatu, 6 Julai

Vita vimeanza. Shemeji, mdogo wake mke wangu, amehamia kwetu "kwa muda" na mtambo wake wa gemu za kisasa, mkubwa kama begi la safari. Binti yangu amemganda kama kupe. Mimi, bingwa wa mtaa mzima enzi zangu, sitazamwi hata kwa huruma!

Nikashusha mashine yangu ya zamani kutoka kabatini. Gemu moja tu: bata, mashimo, mayai. Bata anakwenda kulia. Kushoto hana shughuli. Mke wangu akasema afadhali nimeishusha mwenyewe, maana anataka nafasi ya mashuka, na Jumapili inakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Nikang'aka! Mwishowe tukapatana: binti akiipenda kabla ya Jumapili, inabaki. Asipoipenda, buriani bata.

Jumanne, 7 Julai

Bata hakuwaka. Nikatoa kaseti, nikaipuliza. Wapi! Nikapuliza tena hadi nikaona kizunguzungu. Akawaka. Hiyo ndiyo teknolojia bwana, haitaki intaneti, inataka mapafu.

Binti akauliza bata anaitwa nani. Nikasema Bata. Akauliza kwa nini anazoa mayai ya wenzake. Kutwa nzima swali hilo limeninyima raha.

Jumatano, 8 Julai

Nimeamua kumjua adui. Nikaomba kucheza gemu ya shemeji. Ikasema inajisasisha. Tukala, tukaosha vyombo, bado inajisasisha. Kisha ikataka nywila. Kisha ikataka nichague pua. Pua! Nikachagua pua, nikachagua nyusi, nikapewa farasi. Farasi akaingia mtoni moja kwa moja, nikafa maji kabla sijakiona kitufe cha kumsimamisha. Shemeji alicheka hadi akajilaza sakafuni. Binti naye akacheka. Damu yangu mwenyewe!

Alhamisi, 9 Julai

Dawa ya moto ni moto. Shemeji alipoingia kuoga, nikachomoa waya wa mtambo wake, nikausokomeza ndani ya kiatu pale mlangoni.

Mambo mawili sikuyajua. Kwanza, waya ulikuwa wa runinga. Pili, mama mkwe alikuwa amekuja kututembelea, yuko jikoni na mke wangu, na kiatu ni chake. Alipokivaa alipiga yowe, akidhani nyoka. Nikamwambia labda ni panya wameuburuta. Akaniangalia kwa muda mrefu. Sikuyapenda macho yale.

Ijumaa, 10 Julai

Nikawasha bata mapema, ili binti amkute anaruka. Mama mkwe akaja akakaa mbele. Akauliza huyo bata anakwenda wapi. Nikajibu kulia, mama. Akasema heri yeye anayejua aendako, akanyoosha mkono apewe padi ya kuchezea. Mkwe hanyimwi. Nikampa kwa mikono miwili.

Akatumbukia shimo la kwanza. Akasema, lo! Akatumbukia tena. Hadi mchana alikuwa anayavuka yote, na binti anamshangilia, bibi ruka, bibi ruka! Mimi nimesimama nyuma ya kiti nikingoja zamu. Utamwambiaje mama mkwe apishe? Nikakohoa. Akanishauri ninywe maji ya moto.

Jumamosi, 11 Julai

Amevunja rekodi yangu. Rekodi ya ujana wangu! Nimempongeza huku moyo unaniuma. Hata shemeji ameacha mtambo wake ukijisasisha, anapanga foleni nyuma yangu.

Jumapili, 12 Julai

Ushindi! Binti amekiri mbele ya mama yake kwamba bata ni mtamu kuliko farasi. Mke wangu akakubali, neno ni neno, haiendi kwenye vyuma chakavu. Nilirukaruka sebuleni.

Mama mkwe, akifunga mizigo yake, akasema tu kwamba nyumbani kwake ni kimya mno. Basi! Mke wangu akaifunga mashine kwa shuka, akamkabidhi. Mimi mwenyewe niliibeba hadi kwenye gari, nikitabasamu. Binti ameahidiwa kwenda huko kila wikendi. Mimi sikuahidiwa kitu.

Jumatatu, 13 Julai

Nimemwambia mke wangu kwamba bomba la jikoni kwa mama yake linavuja, hivyo jioni nitapita kulitazama, na huenda nikachelewa. Amenisifu sana kwa kumjali mama.

Bomba lile ni zima kabisa. Ndiyo maana nimeazima spana: lisipovuja, simwoni bata.