Sori ya Fundi Cherehani

"Hiyo sori yako ipige pasi uivae wewe," Kinyozi alisema, akaitupa suruali juu ya benchi letu, lile lililo katikati ya saluni yake na duka la Fundi Cherehani.

Siku ya tatu hiyo, na ugomvi ni ule ule. Suruali mpya kabisa, ila imegoma kupita mapajani. Wakwe wanakuja kumposa binti yake Jumamosi, leo Alhamisi, na kupimwa upya hataki.

Fundi hakuwa amempima. Alifungua daftari, akachukua vipimo vya miaka kumi na mbili iliyopita, akakata kitambaa. Utetezi wake ni kwamba mtu anayekula naye sahani moja kila mchana, angejuaje kanenepa lini?

"Si nimeshasema sori, jirani?"

Redio, muuza vocha ambaye habari zote huanzia kwake, akatusomea simu yake. Watu wa maji wameandika: sori kwa usumbufu. Mabomba yana siku ya tisa makavu. Akasema neno hilo ni kidonge cha ajabu, anakimeza aliyekosa huku anayeumwa akitazama. Kinyozi akadakia kwamba mtu akikukanyaga ni sori, na akikukalia kichwani miaka mitano ni sori hiyo hiyo.

Hapo Kamusi akavua miwani. Amefundisha Kiingereza miaka thelathini, na akishavua miwani haondoki mtu. Akatueleza kwamba zamani, kwa wenyewe Waingereza, neno hilo lilitokana na neno la kidonda. Aliyelitamka alikuwa anasema yeye mwenyewe anaumwa. Wakalivaa mpaka likachakaa, siku hizi wanalitoa hata kwa kupiga chafya. Sisi tumelipokea likiwa mtumba.

"Sasa, Fundi," akamgeukia, "wewe unaumwa wapi?"

Tulikaa mkao wa kucheka. Fundi akalizungusha futi lililoning'inia shingoni mwake, akaangalia chini.

"Siku tatu nakula peke yangu. Nafungua bakuli, naligusa kidogo, nalifunga. Kitambaa kingine nimeshanunua, hicho si kitu. Ukifika mchana ndiyo napata taabu, jirani yangu."

Redio akafungua mdomo aseme lake, Kamusi akamkanyaga kidole. Wala hakumwambia sori.

Kinyozi akakung'uta nywele kwenye aproni yake, akaikung'uta tena, ingawa ilishakuwa safi. Kisha akafunua pazia la saluni. Nyuma yake, juu ya meza ya mashine za kunyolea, tuliona sahani kubwa imefunikwa, na pembeni yake vijiko viwili. Redio anaapa vilikuwa viwili tangu juzi.

"Ingia tule," akasema. "Na futi lako njoo nalo. Safari hii utanipima nikishashiba."