Msabaha Mpasua Gumegume na Jogoo wa Posa

Sogeeni, enyi wana wa mtaa wa Dengfeng, enyi mliovuka bahari kusaka mashati ya jumla na mkaishia kusaka chapati. Shusheni marobota, zimeni vikokotoo, mnisikilize mimi Jaffari muuza mashati, niliyeshuhudia kwa macho yangu siku ambayo jiwe lilipanda cheo. Nitawasimulia habari za Msabaha bin Makame, simba wa maabara, mpasua miamba, bingwa wa zana za watu wa kale, na jinsi alivyokabiliana na jogoo mmoja mwekundu katika mji wa Guangzhou, mwaka wa tisini na nane, sikukuu ya mwaka mpya wa Wachina. Asiyetaka kuamini asiamini, lakini asinikatize, sipendi kukatizwa.

Huyu Msabaha alikuja China kwa masomo ya chuo kikuu, na masomo yenyewe yalikuwa mawe. Wenzake walisomea udaktari na madaraja. Yeye alisomea jinsi mtu wa kale, kabla chuma hakijajulikana, alivyogonga jiwe kwa jiwe mpaka likatoa makali. Na kwa kuwa walimu wake walitaka mwanafunzi ayajue kwa mikono, alirudi na mawe nyumbani, akayagonga kwenye kibaraza cha ghorofa yetu ya saba, ko, ko, ko, tukiwa tumelala. Mwenzetu wa tatu, Dullah wa Kariakoo, alikanyaga kibanzi akaruka kwa mguu mmoja mpaka jikoni. Tulimwita Daktari Kokoto. Naye hakukasirika, na hilo ndilo lililotuudhi zaidi.

Basi shujaa akapenda. Alimpenda Swalha, binti wa mzee Haidar wa Unguja, aliyekuja na baba yake kununua madera kwenye soko la nguo la Shahe. Haidar, kabla ya biashara, alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na kila mtoto wa mtaa wake alikuwa ameionja bakora yake. Posa ilipomfikia alitoa hukumu kama sultani aliye kwenye kiti: angekuja kwetu kula chakula cha mchana, kisha angejibu, maana kesho yake anaondoka. Dada yake mkubwa, Bi Sihaba, alikuwa amempigia simu kutoka Unguja na swali moja tu, kijana ana kazi gani, na Haidar aliona haya kumtajia mawe. Shauri la Haidar lilikuwa hili: Msabaha ayaache mawe, akasimamie ghala lake la nguo Unguja, ama amsahau Swalha. Nilimwona rafiki yangu usiku ule amekaa kitandani na bonge lake la gumegume, lile jiwe gumu la kutolea makali, mapajani, amelifunga kwenye kikoi, na kwa mara ya kwanza nilimwonea huruma badala ya kumcheka. Alivipenda vyote viwili, na moyo ulikuwa unamuuma.

Siku ya siku ikafika. Jogoo alikuwa amefungwa miguu jikoni, mchele umechaguliwa, viungo vya pilau vimetwangwa. Ndipo jirani yetu, Bibi Liang, mwanamke mwema asiye na mfano, akabisha hodi kurudisha kisu. Kisu chake kilivunjika mpini asubuhi ile, maduka yote yalikuwa yamefungwa kwa sikukuu, na Dullah kwa ukarimu wake alikuwa amemwazima cha kwetu, cha pekee. Mama wa watu alikirudisha kikiwa kimesuguliwa kinang'aa. Akatushukuru kwa tabasamu, akaonyesha kwa mikono jinsi kilivyoikata vizuri nyama yake ya nguruwe ya mwaka mpya.

Giza likatanda jikoni ijapokuwa ilikuwa saa nne ya asubuhi.

"Kikaoshwe," alisema Dullah kwa sauti ndogo.

"Najisi ya nguruwe ni mara saba, na mojawapo kwa udongo," nilimjibu. "Udongo uko wapi?"

Tukatazama chini kutoka kibarazani, tukaona lami na saruji mpaka upeo wa macho. Udongo pekee ulikuwa kwenye chungu mlangoni kwa Bibi Liang, umeshika mti wake mdogo wa machungwa ya bahati, na kuchimba bahati ya mtu siku ya mwaka mpya ni jambo ambalo hata Dullah aliliogopa. Akashuka ngazi kusaka kisu kipya, akarudi anahema.

"Malaoban, wenye maduka wote, wamefunga, kaka. Kila ninapogonga, meiyou, meiyou, hakuna, hakuna. Hata mkahawa wa Waislamu, kufuli."

Nyembe zetu zilikuwa za plastiki, za kunyolea ndevu. Mkasi wangu ulikuwa wa kukatia nyuzi. Na katikati ya mashauriano hayo mlango uligongwa, akaingia Haidar na kanzu yake nyeupe, na nyuma yake Swalha amebeba sahani ya visheti.

Mzee aliambiwa kila kitu, maana kumficha mwalimu wa chuo habari za nguruwe ni kujitakia makubwa. Akakaa. Akakitazama kisu kwa mbali.

"Miye sili kilichokatwa na hicho," alisema. "Na n'nasikitika, kijana. Mtu akija kuposa, japo kuku awe naye mezani. Wewe una nini? Una mawe."

Hapo ndipo Msabaha alipoinuka. Alipiga magoti mbele ya mzee kwa adabu, kama mwanafunzi, lakini sauti yake ilikuwa ya jemadari anayepanga majeshi.

"Shikamoo tena, mwalimu. Naomba kuuliza mas'ala. Kitu gani kinafaa kuchinjia?"

Haidar hakuwa ameulizwa mas'ala tangu aanze kuuza madera. Uso ukamng'aa.

"Chochote chenye makali, kikamwaga damu, na jina la Mwenyezi Mungu likatajwa. Isipokuwa jino na ukucha."

"Na jiwe, mwalimu?"

Haidar akaanza kunyoosha pindo la kanzu yake. Jogoo mwenyewe aliinua shingo.

"Baba, umeulizwa," alisema Swalha, huku akikitazama kisheti.

"Jiwe," alisema Haidar polepole, "jiwe likiwa kali, linafaa."

Shujaa akaenda chini ya kitanda, akalitoa bonge la gumegume, akalifungua kikoi kama anayefunua upanga wa mababu. Akaketi kibarazani, akalizungusha mkononi akilitafuta pembe yake, kisha akashusha kigongeo. Pigo la kwanza likatoa vumbi. Pigo la pili likamtisha jogoo, akakata kamba, akapanda juu ya marobota yangu na kuyachafua mashati ya rangi ya krimu, ambayo mpaka leo sijalipwa hata pole. Dullah alimvamia kushoto, mimi kulia, tukagongana vichwa. Swalha akamtupia mtandio wake, akamkamata bila kuacha sahani. Na pigo la tatu likatoa mlio mwembamba, safi, na kibanzi kikaanguka kwenye kiganja cha Msabaha, chembamba, kimepinda kidogo, ukingo wake unapitisha mwanga.

"Hicho?" aliuliza Haidar. "Hicho hakikati hata siagi."

Akapitisha kidole gumba kujaribu. Ewe msikilizaji, damu ya mzee Haidar ilimwagika kabla ya damu ya jogoo. Alikitazama kidole, akakitazama kibanzi, akakitazama kidole tena.

"Mh," alisema.

Basi Msabaha alimlaza jogoo, akamwelekeza kibla, ambacho kwetu sisi kilikuwa upande wa jokofu, akataja jina la Mola, na kabla Dullah hajamaliza kufumba macho kazi ilikuwa imekwisha. Haidar akainama kukagua kwa jicho la mwalimu asiyesamehe kosa, akakuta hamna. Kibanzi hichohicho kilimkata jogoo vipande, kikakata vitunguu na nyanya, na mzee alikula pilau mpaka sahani ya pili, kidole kikiwa kimefungwa bandeji na kimenyooshwa pembeni kukwepa pilipili. Swalha alikuwa anacheka ndani kwa ndani, na Msabaha alishindwa kula kwa kumtazama.

Baada ya kunawa, Haidar aliivuta simu yetu ya mezani, akampigia dada yake. Bi Sihaba alikuwa na sauti ya kuitia watu ng'ambo, kwa hiyo sote tulisikia.

"Haya, nambie. Kijana ana kazi gani?"

"Anatengeneza visu," alisema Haidar. "Visu safi, dada. Havijagusa nguruwe tangu dunia kuumbwa."

"Visu vya nini?"

"Vya mawe."

Tukasikia Bi Sihaba akivuta kiti.

"Haidar, unaumwa?"

"Nimekula jogoo wake, dada. Andaa harusi."

Basi wenye kuandika habari za wafalme na vita vyao waandike na hili, kwamba katika ghorofa ya saba mjini Guangzhou gumegume lilirudi kazini baada ya mapumziko marefu. Kile kibanzi Haidar alikifunga kwenye leso, akaondoka nacho. Alisema anakwenda kufungulia marobota, lakini mimi nilimwona kwenye ngazi amesimama peke yake, anakijaribu kwenye unywele wa ndevu zake.