Bila Flapsi Kibakwe

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Watu wamepumzika, mimi kazini. Nimetua vibaya tena. Nilisahau flapsi, zile bapa za nyuma ya mabawa ambazo rubani hushusha anapotua, ndege ipunguze mwendo na ishuke taratibu. Nikazikumbuka karibu na ardhi, nikazishusha zote kwa mpigo. Ndege ikainuka, ikadunda, ikadunda tena. Bupe alikuwa kwenye kivuli cha banda la ndege anakula karanga. Hakucheka. Angecheka ningemsamehe.

Kampuni yetu ina ndege moja ndogo na marubani wawili walioajiriwa kwa majaribio, mimi na huyo Bupe. Mwisho wa mwezi Kapteni Mazengo atabakiza mmoja. Lazima niwe mimi. Mama kule Area D nimeshamwambia ni mimi, na kanisani ametangaza.

Jumanne, 8 Julai

Nimegundua! Tatizo si mimi. Tatizo ni flapsi. Asiyezigusa atazikosea vipi? Kuanzia sasa natua bila flapsi, kwa kasi, kama mwanaume.

Kuna safari keshokutwa. Daudi, mlinzi wa kiwanja cha ndege cha Kibakwe, mke wake Ruthu ana mimba kubwa na mtoto amekaa vibaya. Muuguzi wa huko anasema ni lazima azalie Dodoma, tena kwa upasuaji, na barabara ya milimani haifai kwa hali yake. Daudi amesema kwa simu kwamba mtoto akiwa wa kiume atapewa jina la rubani atakayemfuata mama yake.

Kapteni kampangia Bupe. Mtoto wa Kigogo, wa kiume, aitwe Bupe, jina la kike la Kinyakyusa! Haiwezekani. Aitwe Eliakimu. Halafu tuone Kapteni atambakiza nani.

Jumatano, 9 Julai

Nimemwambia Bupe kwamba Kapteni kasogeza safari ya kesho hadi jioni. Akashukuru. Ni rahisi kumdanganya, inasikitisha.

Kisha akaanza kunipa mawaidha, sikumwomba. Ati siku nikienda Kibakwe niwe mwangalifu. Yeye hushusha flapsi zote na kusimama katikati ya kiwanja, kwa hiyo wenyeji wamezoea kwamba ndege haivuki hapo. Nusu inayobaki wameigeuza uwanja wa kuanika na kupigia alizeti. Nikaitikia tu. Mtu anaringa kwa nusu kiwanja!

Alhamisi, 10 Julai

Naandika kwa mkono wa kushoto.

Asubuhi Bupe hakutokea. Simu yake haikupatikana. Kapteni alifoka, kisha akanitazama kama mtu aliyebakiziwa nyanya za mwisho sokoni.

"Flapsi zote, Eliakimu," akasema. "Kiwanja kile ni kifupi."

Nikasema ndiyo, Kapteni. Angani nikawaza: mgonjwa anasubiri, halafu mimi nipunguze mwendo?

Nilipita juu ya kiwanja kwanza, kama ilivyo desturi. Daudi akapunga kitambaa chekundu, akafukuza mbuzi. Ruthu alikuwa kando, ameketi kwenye mkeka, vitu vyake vimefungwa kwenye khanga. Alinipungia mkono.

Nikaingia bila flapsi. Kasi nzuri sana! Ila ndege ikagoma kugusa ardhi. Nikavuka katikati ya kiwanja bado naelea. Magurudumu yakagusa kwenye alizeti. Akina mama wakatupa fimbo zao na kukimbia, wote salama, namshukuru Mungu. Nikakanyaga breki. Juu ya mbegu za alizeti breki haishiki kitu. Tukateleza mpaka mtaroni. Pua chini, pangaboi limepinda, mkono wangu wa kulia umevunjika.

Ruthu hakuinuka pale mkekani. Aliitazama tu ndege.

Ikatafutwa pikapu. Mimi wakanipa kiti cha mbele kwa sababu ya mkono. Ruthu wakamlaza nyuma, Daudi akamshikilia. Barabara mbaya mno. Mkono uliniuma mpaka mjini.

Ijumaa, 11 Julai

Niko wodini. Kapteni kaja kuuliza kilichotokea. Nimemwambia upepo. Akasema jana Kibakwe hapakuwa na upepo, akaondoka bila kuaga.

Bupe kaleta machungwa. Akanimenyea, maana mkono mmoja hautoshi. Habari ya safari kusogezwa jioni hakuigusa kabisa. Najua nia yake, anataka dhamiri inisute. Nimekula machungwa yote.

Jumapili, 13 Julai

Daudi amekuja. Ruthu yuko wodi ya pili, ameshafanyiwa upasuaji, atapona. Mtoto alifia njiani, nyuma yangu pale, wakati mimi nalalamikia mashimo. Daudi aliketi pembeni ya kitanda akiwa ameshika kofia yake.

"Alikuwa wa kiume," akasema. "Tumemzika nyumbani. Tulishaahidi, kaka. Tumemwita Eliakimu."

Nililia. Nililia kweli, hadi wagonjwa wengine wakageuka kunitazama. Yeye ndiye akanibembeleza. Naona aibu hata kuandika.

Baada ya machozi kukauka, nikakumbuka kwamba Bupe hana mtoto aliyepewa jina lake.

Mkono ukipona nitamwomba Kapteni anirudishe Kibakwe. Nimeshajua kosa lilikuwa wapi. Ni ile alizeti.