Firigisi ya Bata Bukini

Jumatatu, 5 Mei

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Hakusema utachoka hadi lini. Nimeamua basi kuandika ukweli mtupu, maana mtu anayekaribia kuondoka hana sababu ya kujipamba. Naungama hapa kile nisichoweza kumwambia mchungaji: nataka firigisi.

Si firigisi yoyote. Ile ya bata bukini wa sikukuu ya mavuno, kanisani kwetu huku ugenini, Jumapili ya tarehe 18. Sisi Wakongo tunajua firigisi ni ya nani. Si ya watoto, si ya wanawake. Ni ya mkubwa. Miaka yote aliila Mzee Ladislas, akitafuna taratibu huku sisi wengine tukitazama dari. Sasa amehamia Cape Town kwa mwanawe. Kiti kiko wazi! Tumebaki wawili wenye mvi za kutosha: mimi, Mwalimu Josias, niliyefundisha jiografia Uvira hadi chaki ikaniingia mapafuni, na Barthélemy, aliyekuwa akikagua tiketi za treni Kalemie. Tiketi!

Mama Epiphanie, mwenyekiti wa akina mama, ametoa hukumu. Firigisi ni ya mwenye ndege. Salvator, muumini mwenzetu anayesimamia shamba karibu na Mooi River, huko juu milimani, ana bunduki na kibali chake. Bata bukini wanamaliza nyasi changa za ng'ombe, na mwenye shamba hufurahi wakipungua. Kila mzee atachagua asubuhi moja ya kwenda naye bwawani. Ndege atakayeanguka asubuhi yako ni wako.

Kuchagua asubuhi! Hiyo ni jiografia. Nimeshashinda.

Jumatano, 7 Mei

Hakuna baridi. Mei hii ina tabia za Februari. Binti yangu Colette bado analala madirisha wazi. Kutoka hapa Berea, mtaa wetu wa kilimani, bahari inaonekana kama shuka iliyopigwa pasi. Balaa!

Bata wanataka upepo na manyunyu. Hapo huruka chini chini, wakitafuta pa kujikinga. Siku ya jua na utulivu hupaa juu kuliko risasi, kisha hutua katikati ya maji na kusinzia. Tena mvua za mwisho zilichelewa. Kila kidimbwi huko juu kimejaa, hawana haja ya kukusanyika kwenye bwawa letu.

Nimesoma ramani za hewa kwenye simu ya Colette. Upepo baridi wa kusini utafika Jumamosi. Nimechagua Jumamosi. Barthélemy amechagua kesho, kwa sababu, alivyotangaza leo saluni kwa Colette, yeye huwaita bata kwa mdomo. Akaita. Mteja aliyekuwa akisukwa aliruka, nusu ya nywele zikabaki mkononi mwa Colette.

Naungama: nimemwomba Mungu ampe mafua.

Ijumaa, 9 Mei

Amerudi mikono mitupu! Salvator anasema mzee aliita, akaita tena, na walioitika ni ng'ombe. Kundi zima lilimfuata hadi majini. Mungu ni mwema.

Nilimpigia Barthélemy simu kumpa pole. Akauliza, pole ya nini, mon vieux, mzee wangu? Kesho wewe utaona jua tu. Wivu mtupu.

Jumamosi, 10 Mei

Jua.

Nilivaa makoti mawili, kofia ya sufu na soksi za marehemu mke wangu. Nilikuwa nimetengeneza bata wa bandia: madumu ya maziwa niliyoyapaka rangi ya kahawia na kuyachorea macho, ili bata wa angani wadhani wenzao wamefika. Salvator aliyatazama kwa muda mrefu. "Eish, Mwalimu," akasema. Nilichukulia kuwa ni sifa.

Tukajificha kwenye matete. Upepo haukuja. Nikamweleza Salvator juu ya mgandamizo wa hewa, tangu mwanzo. Bata bukini walipita, ndiyo, lakini juu sana, kama nukta za chaki ubaoni. Mmoja alishuka kidogo, akayatazama madumu yangu, akatoa sauti ambayo sikuipenda, akaondoka na jamaa zake wote.

Kufikia saa nne nilikuwa nimeiva ndani ya makoti. Salvator akanibeba mgongoni hadi kwenye gari. Kutoka mgongoni kwake niliiona dunia: umande, ng'ombe, milima ya mbali isiyo na hata chembe ya theluji. Nzuri mno. Ningefurahi kabisa kama nisingekuwa na hasira.

Jumanne, 13 Mei

Colette alinipeleka kwenye bustani kubwa hapa jirani nipate hewa. Na ni nani wale, kando ya kiziwa, wakitembea kwenye nyasi kama wakaguzi wa shule? Bata bukini! Wa kahawia, na yale madoa yao machoni kama miwani. Tele! Hewa tamu, mkate wa bure, waende Mooi River kufanya nini? Nimesafiri hadi huko kuwatafuta, kumbe ni majirani zangu.

Colette akaenda kununua maji. Naungama: nilivua koti. Mpango ulikuwa mkate chini, koti juu. Mkate, bata mmoja aliula. Koti alilikanyaga. Kisha akanigeukia mimi. Sijakimbia tangu Uvira. Nilipanda juu ya benchi, naye akabaki ameng'ang'ania pindo la suruali. Mlinzi, mama mmoja wa Kizulu, akaja kuuliza Baba anafanya nini huko juu. Nikajibu naangalia hali ya hewa. Akasema hali ya hewa imenishika suruali.

Colette alinipakia garini. Tulipofika kwenye robot, zile taa za barabarani, akaanza kucheka. Taa ikawa kijani, bado anacheka, taxi zinatupigia honi. "Papa," akasema akijifuta machozi, "daktari alisema moyo ndio umechoka. Hakusema kichwa."

Nilirudi na manyoya mengi kwenye koti. Nimeyaweka.

Ijumaa, 16 Mei

Barthélemy anaeneza habari kwamba, ndege asipopatikana, firigisi yoyote itakayokuwepo iende kwa umri. Umri! Anadai kunizidi miezi kadhaa. Nani alikuwepo?

Naungama jambo zito. Leo nimepanda taxi peke yangu hadi mjini, kwenye duka lenye majokofu marefu. Bata bukini hawana. Bata wa kawaida wapo, wamegandishwa, weupe, watulivu. Mmoja sasa amelala ndani ya beseni chini ya kitanda changu, akiyeyuka. Kesho Colette atakuwa saluni kutwa, nitamwoka mwenyewe. Sitagusa tumboni. Firigisi itolewe mbele ya mashahidi! Manyoya ya bustanini nitayapanga ukingoni mwa sinia. Nitasema huyu alianguka Jumamosi yangu, mara tu baada ya mimi kubebwa. Salvator ana zamu Jumapili, hatakuwepo.

Mpango hauna tundu.

Jumapili, 18 Mei

Sikukuu! Ngoma, sombe ya majani ya muhogo, bugali, watoto chini ya meza. Sinia langu katikati, manyoya pembeni. Watu walipiga makofi. Barthélemy akamzunguka ndege kama anamkagua tiketi. Mbona mdogo? Nikasema amekonda kwa safari. Mbona mweupe hivi? Uzee, nikasema. "Pole sana," akamwambia ndege, "umefanana na Mwalimu."

Nikakaa kwenye kiti cha Ladislas. Nikajifunga leso shingoni. Mama Epiphanie akanawa, akaomba, akaingiza mkono tumboni mwa ndege, akatoa kimfuko cha plastiki cha dukani. Kimesinyaa kwa moto. Ndani yake, vimepangwa vizuri: shingo, ini, firigisi.

Wapiga ngoma wakasogea kuona.

"Jamani," akasema Barthélemy, "bata wa Mooi River siku hizi wanajifungia chakula cha njiani?"

Kanisa zima likaanguka kwa kicheko. Nikajaribu kueleza uchafuzi wa mazingira, jinsi ndege wanavyomeza plastiki. Nilikuwa nimeanza kueleweka, ndipo akaingia Salvator na mkewe Tina, sufuria kubwa mikononi. Amepata ruhusa! Upepo wa kusini ulifika jana, akasema, wiki nzima baada ya Mwalimu kuuagiza, na bata bukini wakashuka hadi kwenye matete. Huyu hapa. Kisha akauliza kwa upole: ndege gani wa Jumamosi ile?

Lakini aliangushwa asubuhi ya nani? Si yangu, si ya Barthélemy. Tukasimama sote wawili. Nikasema upepo ni wangu, niliutaja kwanza. Barthélemy akasema ni yeye aliyewaita, ila wito ulikuwa na safari ndefu.

Mama Epiphanie alitusikiliza hadi mwisho. Akachovya kijiko kwenye sufuria, akaitoa firigisi, akaipuliza, akaitia mdomoni. Mwanamke! Mbele ya kanisa! Akatafuna. Vigelegele vya akina mama vilitikisa mabati. Akameza.

"Kumbe ndiyo hii mnayoipigania?" akauliza. "Ngumu hivi?"

Barthélemy na mimi tulimla bata wangu wawili peke yetu. Alikuwa na ladha ya mfuko. Tulicheka hadi nikashika kifua, Colette akaja mbio, nikamwambia aniache, ni raha tu.

Jumanne, 20 Mei

Daktari amesikiliza moyo wangu mara mbili. Unapiga vizuri kuliko mwezi uliopita. Ameuliza nafanya mazoezi gani. Colette akatazama dirishani.

Basi sifi wiki hii. Nimetafakari yote kwa unyenyekevu na nimeona kosa langu: mfuko. Ulipaswa kutolewa mapema.

Noeli kutakuwa na bata mzinga. Firigisi yake ni kubwa kama ngumi ya mtoto, Mama Epiphanie hataimaliza kwa tonge moja. Barthélemy ameingia kwenye mpango: yeye atalia kama bata mzinga nyuma ya kanisa, kisha mimi nitaingia na sinia. Tulibishana tu juu ya nani atakaa kwenye kiti. Nimemwahidi tutagawana nusu kwa nusu, akanishika mkono kwa machozi.

Naungama: nusu yake itakuwa shingo.